SOMNATH: HEKALU LA BWANA WA MWEZI

Mtu aingiaye katika duka la Mhindi huko Nakuru, Kisumu au Mombasa, awe mkulima ajaye kununua jembe au karani atafutaye kitambaa cha suruali, pengine amepata kuona ukutani, juu ya kasha la fedha, picha ya mungu aliyeketi juu ya ngozi ya mnyama, mwenye nyoka shingoni na mwezi mwandamo katika nywele zake. Mbele ya picha hiyo huwekwa kijitaa, au kijiti cha udi kifukacho moshi. Mnunuzi hutazama, hulipa fedha yake, kisha huenda zake. Ni wachache waulizao mwezi ule wafanya nini kichwani mwa mungu yule.

Habari ya mwezi huo imefungamana na mahali pamoja katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Mahali penyewe paitwa Prabhas Patan, karibu na bandari ya Veraval, katika rasi ya Kathiawar, nchi ya Gujarat. Hapo, ukingoni kabisa mwa bahari, limesimama hekalu la Somnath. Jina hilo ni la lugha ya Kisanskrit, lugha ya kale ya dini ya Kihindu, na maana yake ni Bwana wa Mwezi. Bwana huyo ni Shiva, ndiye yule wa katika picha ya dukani.

Yafaa kukumbuka tangu mwanzo kwamba Wahindi si wote Wahindu. Miongoni mwa Wahindi wamo Waislamu, Makalasinga, Wakristo na watu wa dini ya Kijaini. Wahindu ndio ambao watu wa pwani wamezoea kuwaita Mabaniani. Jamaa wengi wenye maduka katika Kenya asili yao ni Kathiawar na nchi ya Kutch iliyo jirani yake, na kwa hiyo hekalu hili liko karibu na wanakotoka wazee wao. Mahatma Gandhi naye alizaliwa Porbandar, katika pwani hiyo hiyo.

MWEZI ULIOKONDA

Wahindu husimulia kwamba Mwezi, ambaye jina lake ni Soma au Chandra, aliwaoa mabinti 27 wa mzee mwenye enzi aliyeitwa Daksha. Mabinti hao ni zile nyota ambazo mwezi hupanga kwazo usiku baada ya usiku mpaka umalize kuizunguka mbingu. Wanajimu wa Kiarabu nao wanazijua, huziita manazili, ila wao huhesabu 28. Basi Soma akampenda mmoja tu, Rohini, na wale wengine akawaacha wakae peke yao. Wakaenda kumshtakia baba yao. Daksha akamwonya mkwewe mara ya kwanza na ya pili, naye asisikie. Ndipo alipomlaani kwa ugonjwa wa kukonda.

Soma akakonda kila usiku, nuru yake ikapungua, na mimea ya dawa ambayo yeye ndiye mlinzi wake ikanyauka. Akaambiwa aende Prabhas, akaoge pale mito inapokutana na bahari, amwombe Shiva. Akafanya hivyo. Lakini laana ya mzee mwenye enzi haiondolewi kabisa, hata na mungu mkuu. Shiva akaipunguza: kwa nusu moja ya mwezi Soma atakonda, na kwa nusu ya pili atanenepa, tena akamweka katika nywele zake ili asipotee. Kwa shukrani Soma akamjengea hekalu la dhahabu. Yasemekana kwamba lilipokwisha hilo likajengwa la fedha, kisha la mti, kisha la jiwe.

Hayo ni masimulizi ya dini, wala hakuna awezaye kuyapima kwa kamba. Lakini yako mambo mawili ambayo mtu yeyote aliyekaa pwani atayaelewa bila mwalimu. La kwanza ni kwamba mtaalamu Al-Biruni, Mwislamu aliyeandika kitabu kikubwa cha habari za Bara Hindi yapata mwaka wa 1030, aliliangalia jambo hili kwa jicho la mwenye elimu ya nyota, akaeleza kwamba sanamu ya Somnath ilikuwa karibu sana na maji, hata bahari ilipojaa ililiosha jiwe, na ilipokupwa ikaliacha wazi. Ikawa mwezi, kwa kuyavuta maji, wamtumikia bwana wake kila siku. Watu wa Lamu na Mombasa, wenye kuzijua siku za bamvua na siku za maji mafu, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

La pili ni sababu aliyoitoa mtaalamu huyo huyo ya kuvuma kwa jina la Somnath. Hakusema ni kwa ajili ya miujiza. Alisema ni kwa kuwa palikuwa bandari, kituo cha mabaharia waliokwenda na kurudi kati ya Sofala, katika nchi ya Wazanji, na China. Wazanji ndio watu wa pwani yetu. Kwa maneno mengine, miaka elfu moja iliyopita mtu aliyetaka kueleza umashuhuri wa hekalu lile la mbali aliitaja Afrika ya Mashariki katika sentensi ile ile. Majahazi yalishuka huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, yakichukua pembe za ndovu ambazo mafundi wa Gujarat walizichonga bangili za maarusi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alizikuta merikebu za Wahindi zimetia nanga.

JIWE NA NURU

Katika chumba cha ndani kabisa cha hekalu hakuna sanamu yenye uso na mikono. Lipo jiwe la mviringo lililosimama, liitwalo linga, nalo ni alama ya Shiva. Kwa Wahindu, linga la Somnath ni la kwanza katika yale 12 yaitwayo jyotirlinga, yaani linga za nuru, ambayo yametawanyika katika Bara Hindi nzima kutoka milima ya Himalaya hadi ncha ya kusini. Asili ya jina hilo ni masimulizi kwamba Shiva alipata kujionyesha kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Mungu mmoja akapaa juu kutafuta kilele chake, mwingine akachimba chini kutafuta shina, na wote wawili wakarudi bila kuona kitu.

Mwabudu huvua viatu, huingia, husimama mbele ya mlango wa chumba hicho, kisha hulizunguka hekalu akiliweka daima mkono wake wa kuume. Jiwe humwagiwa maji na maziwa, huwekewa majani ya mti uitwao bilva. Hapo zamani, aandika Al-Biruni, kila siku ililetwa Somnath kata ya maji ya mto Ganges na kikapu cha maua kutoka Kashmir. Mwenye kuitazama ramani ataona maana ya maneno hayo, kwani kutoka Ganges hadi pwani ile ni mwendo wa mamia ya maili.

Mwandishi mwingine, Ibn al-Athir wa Mosul, alisimulia habari za nguzo 56 za msaji zilizofunikwa risasi, taa zenye vito, Wabrahmana 1,000 wa kusoma sala, na vinyozi 300 wa kuwanyoa mahujaji vichwa na ndevu. Huyu aliandika baada ya miaka karibu 200, na karani yeyote aliyepata kushika daftari la kodi atazitilia shaka kidogo hesabu zinazoishia na sifuri kila mara. Hata hivyo ni dhahiri kwamba palikuwa mahali pa mali nyingi. Bandari ilileta ushuru, wafalme walitoa vijiji kuwa wakfu, wafanyabiashara walitoa sadaka kabla ya kupanda chombo na baada ya kushuka salama.

SULTANI MAHMUD

Mali ya namna hiyo husikika mbali. Katika mji wa Ghazni, nchi inayoitwa leo Afghanistan, alitawala Sultani Mahmud, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishuka Bara Hindi wakati wa baridi na kurudi na mateka. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1025 alitoka na jeshi lake, akapita Multan, akalivuka jangwa na ngamia waliobeba maji, na mwezi wa Januari mwaka wa 1026 akafika Somnath. Mfalme wa Gujarat, Bhima wa ukoo wa Chaulukya, alikuwa amekwisha kuukimbia mji wake mkuu. Watu wa Somnath walipigana kwenye kuta zao, wengi sana wakafa. Mahmud akaliingia hekalu, akalivunja linga, akachukua hazina. Vipande vya jiwe vilipelekwa Ghazni, na Al-Biruni, ambaye alikaa katika mji huo, aandika kwamba kimojawapo kiliwekwa mbele ya mlango wa msikiti ili watu wapanguse miguu.

Baada ya hapo zikaanza hadithi. Washairi wa baraza la Sultani walisema kwamba sanamu ile ilikuwa Manat, mungu wa kike wa Waarabu wa zamani za ujahili, aliyefichwa Bara Hindi. Wengine walisema ilining'inia hewani kwa nguvu za sumaku. Mwandishi mmoja wa Kiajemi, miaka karibu 600 baadaye, alisimulia kwamba Wabrahmana walimtolea Sultani fedha nyingi ili asiivunje, naye akakataa, akapiga, na tumbo la sanamu likamwaga vito. Hadithi hiyo imesomwa na watoto wengi shuleni. Lakini linga ni jiwe zima lisilo na tumbo, na mtu aliyepata kuliona lolote hangeweza kuitunga.

Mahmud amekuwa shujaa kwa wengine na shetani kwa wengine, na pande zote mbili hupenda kusahau mambo fulani. Jeshi lake lilikuwa na Wahindu ndani yake. Aliwapiga Waislamu wenzake wa madhehebu ya Ismailia huko Multan mwaka wa 1006, na mwaka wa 1029 aliutwaa mji wa Waislamu wa Rayy, katika Uajemi. Alikuwa mtu wa vita aliyehitaji mali ya kuwalipa askari wake, na dini ilimpa sababu nzuri ya kuitafuta. Al-Biruni, aliyeishi chini ya mamlaka yake, hakuficha kwamba vita hivyo viliiharibu neema ya nchi na kuwatia Wahindu chuki kubwa. Si neno dogo hilo kuandikwa na mtu alaye katika mji wa Sultani.

Hekalu halikukaa magofu. Lilijengwa tena, na mwaka wa 1169, katika enzi ya mfalme Kumarapala, kuhani mkuu Bhava Brihaspati aliandikisha juu ya jiwe kwamba jengo lilikuwa limechakaa nalo sasa linajengwa upya kwa fahari. Sababu ya kuchakaa, lasema jiwe hilo, ni uzee wa jengo na ubaya wa maofisa. Sultani Mahmud hatajwi. Maandishi mengine ya nyakati hizo yalalamikia masheha wadogo waliowanyang'anya mahujaji njiani. Yaonekana kwamba miaka 143 baada ya Mahmud, jambo lililomsumbua kuhani wa Somnath zaidi lilikuwa usalama wa barabara na uaminifu wa watumishi wa mfalme.

NAHODHA WA HORMUZ

Sasa twafika kwenye jambo ambalo katika historia yote ya Somnath halisimuliwi sana, nalo lastahili kusimuliwa kuliko mengi.

Mwaka wa 1264 alikuwako katika bandari ile mwenye merikebu mmoja, Mwislamu, jina lake Nuruddin Firuz, mwana wa Khwaja Abu Ibrahim, mwenyeji wa Hormuz katika mlango wa Ghuba ya Uajemi. Maandishi yamwita nakhuda, neno la Kiajemi ambalo sisi twalitamka nahodha. Mtu huyu alitaka kujenga msikiti Somnath. Akanunua ardhi nje kidogo ya mji, na jambo hilo likapitishwa na baraza la wakuu wa mji, ambalo kiongozi wake alikuwa kuhani mkuu wa Shiva, Virabhadra. Rafiki yake nahodha, mkuu mmoja wa Kihindu aitwaye Chhada, alimsaidia katika kuipata ardhi hiyo. Baadhi ya mali iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti ilikuwa ya mahekalu.

Mapatano yote yaliandikwa juu ya mawe, kwa Kisanskrit na kwa Kiarabu. Tarehe katika Kisanskrit imetolewa kwa kalenda nne, na ya kwanza ni ya Hijra, mwaka wa 662. Mtume Muhammad atajwa humo kuwa ni mwalimu wa mabaharia, na Mwenyezi Mungu asifiwa kwa majina ambayo Mhindu angeweza kuyatumia katika sala zake, kama vile Bwana wa Ulimwengu. Kisha yafuata mambo ya hesabu, ambayo mtu wa ofisi huyasoma kwa furaha: kinu cha mafuta, maduka, na nyumba za kuezekwa kwa majani, vyote kuwa wakfu, mapato yake yalipe mafuta ya taa, maji, imamu, mwadhini na msomaji wa Korani, na gharama za sikukuu za mabaharia, msikiti upakwe chokaa na kutengenezwa kila ihitajikapo, na kitakachobaki kipelekwe Makka na Madina. Wasimamizi walikuwa jamaa ya Waislamu wa mji, ambamo walihesabiwa wenye vyombo, wenye vinu vya mafuta, na mafundi wa kujenga.

Haifai kumgeuza nahodha huyu kuwa malaika. Maandishi mawili hayalingani kabisa. Yale ya Kiarabu, ambayo makuhani yamkini hawakuweza kuyasoma, yana dua kwamba Somnath ipate kuwa mji wa Uislamu na sanamu ziondoke. Kila upande uliandika kwa lugha yake yale ambayo watu wake walipenda kuyasikia. Hata hivyo ardhi iliuzwa, msikiti ukajengwa, na mafuta ya taa yakalipwa, miaka 238 baada ya Mahmud, katika mji ule ule, kwa idhini ya kuhani wa hekalu lile lile. Watu wa bandari huhitajiana. Kuhani alihitaji ushuru wa majahazi, na nahodha alihitaji pwani ya kutilia nanga.

Mwaka wa 1299 jeshi la Alauddin Khalji, Sultani wa Delhi, liliingia Gujarat na kulibomoa hekalu. Likajengwa tena, likashambuliwa tena mara kadhaa katika karne zilizofuata, na mfalme Aurangzeb alipotoa amri zake lilikuwa limechoka. Mwaka wa 1783 malkia mmoja mcha Mungu, Ahilyabai Holkar wa Indore, alijenga hekalu dogo hatua chache kutoka magofuni, na linga akaliweka katika chumba cha chini ya ardhi, mahali ambapo adui hangeliona kwa urahisi. Hekalu lake lingali lipo, na watu husali humo.

MALANGO YA GHAZNI

Waingereza nao walikuwa na zamu yao. Mwaka wa 1842, baada ya vita vya Afghanistan vilivyowaletea aibu kubwa, Gavana Mkuu Lord Ellenborough aliamuru malango ya mbao ya kaburi la Sultani Mahmud yang'olewe na kurudishwa Bara Hindi, kwa kuwa iliaminiwa kwamba ndiyo malango ya Somnath yaliyotekwa. Akawatangazia wafalme wa Kihindi kwamba tusi la miaka 800 limelipwa. Malango yakaburutwa safari ndefu hadi Agra. Hapo wenye ujuzi walipoyakagua waliona kwamba mbao si msandali kama ilivyosemwa, na nakshi zake si za Gujarat hata kidogo. Yalikuwa kazi ya mafundi wa Ghazni kwenyewe. Huko London mwaka wa 1843 Macaulay alimshambulia Gavana Mkuu vikali katika Bunge. Malango hayakufika Somnath. Yaliwekwa katika ngome ya Agra, na hapo wageni huonyeshwa.

Tangazo lile lilileta neno jipya. Lilifundisha kwamba Wahindu wote walikuwa na donda moja la miaka 800 na kwamba Waislamu wote ndio walioliumba. Neno hilo lilipandwa katika udongo uliokuwa tayari, na mavuno yake yakaonekana baadaye.

KUJENGWA UPYA

Bara Hindi ilipopata uhuru na kugawanywa mwezi wa Agosti mwaka wa 1947, Somnath ilikuwa katika nchi ya Nawabu wa Junagadh, Mwislamu mwenye raia wengi Wahindu. Nawabu aliamua kujiunga na Pakistan. Ghasia zikazuka, yeye akaondoka, na mwezi wa Novemba serikali ya India ikaitwaa nchi. Sardar Vallabhbhai Patel, Naibu wa Waziri Mkuu, alifika magofuni tarehe 13 Novemba 1947, akatangaza kwamba hekalu litajengwa upya. Gandhi alikubali, lakini alisema fedha zitoke mifukoni mwa watu, wala si katika hazina ya serikali. Shauri lake likafuatwa.

Gandhi akauawa Januari 1948, Patel akafariki Desemba 1950, na kazi ikaongozwa na K. M. Munshi, mwanasheria na mtunzi wa riwaya. Magofu ya zamani yakaondolewa mwaka wa 1950. Wachunguzi wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kuchimba, wakaona misingi ya majengo ya nyakati mbalimbali, mmoja juu ya mwingine. Wako waliosikitika kwamba mawe ya Kumarapala hayakuachwa yasimame kama yalivyokuwa. Msikiti uliokuwa mahali hapo ulihamishwa mbali kidogo.

Waziri Mkuu Nehru hakupendezwa. Aliona kwamba nchi ambayo juzi tu watu wake wamechinjana kwa ajili ya dini haifai kuonekana ikisimamia ufunguzi wa hekalu, naye alikasirika aliposikia kwamba mabalozi wa India wameandikiwa barua walete maji ya mito ya nchi za kigeni kwa sherehe hiyo. Alimwandikia Rais Rajendra Prasad asiende. Rais alishika neno lake, akasema angefanya vivyo hivyo kwa msikiti au kanisa kama angealikwa. Tarehe 11 Mei 1951 linga likasimamishwa mbele yake. Wote wawili walikuwa watu waaminifu, na swali walilobishania, la mipaka ya mkuu wa nchi katika mambo ya dini, lingali likiulizwa katika India.

Liliulizwa kwa ukali tarehe 25 Septemba 1990, L. K. Advani, mkuu wa chama cha BJP, alipoanza mbele ya hekalu la Somnath safari ya gari lililopambwa kama gari la vita la kale, kuelekea Ayodhya kudai hekalu lingine lijengwe mahali pa msikiti. Njiani na baada yake damu ilimwagika katika miji mingi. Msikiti wa Ayodhya ulibomolewa na umati wa watu tarehe 6 Desemba 1992.

Hekalu lenyewe lilichukua muda mrefu kukamilika. Msanifu wake alikuwa Prabhashankar Sompura, wa ukoo wa mafundi ambao tangu kale kazi yao ni mahekalu, na jina la ukoo wao hushuhudia uhusiano wao na Soma. Alijenga kwa mtindo wa Gujarat wa zamani za Chaulukya: kumbi zenye nguzo zilizochongwa, na juu ya chumba cha linga mnara wa futi 155, wenye kilele cha jiwe chenye uzito wa tani 10. Sehemu ya mwisho ilizinduliwa na Rais Shankar Dayal Sharma tarehe 1 Desemba 1995.

Ukutani upande wa bahari iko nguzo yenye mshale, na maandishi ya Kisanskrit yasemayo kwamba kutoka hapo hadi ncha ya kusini ya dunia njia ya bahari haina kizuizi. Mahujaji hupenda kusimama hapo na kuutazama upeo. Mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kengele na ngoma hulia na taa huzungushwa mbele ya jiwe. Kwa mwezi mpevu wa Kartika, baada ya sikukuu ya Diwali, watu hukusanyika kwa maelfu katika maonyesho ya siku kadhaa, wengi wakiwa wakulima waliokwisha kuvuna, na usiku huo huo wavuvi wa Veraval, Wahindu kwa Waislamu, huyaangalia maji ya bamvua wapate kujua saa ya kutoa vyombo vyao.

Lile jiwe la Nuruddin Firuz halikupotea. Maandishi yake ya Kisanskrit yalikutwa katika ukuta wa hekalu la Harsata Mata, mungu wa kike, huko Veraval. Na ya Kiarabu yalikutwa katika msikiti wa Prabhas Patan.